Alama za Penseli: Uchambuzi wa Kisa cha Daftari la Chakula katika Shule Moja ya Msingi, Moshi

Kisa hiki kilitokea katika shule ya msingi ya serikali iliyoko upande wa chini wa mji wa Moshi, huko ambako barabara zinateremka kuelekea mashamba ya mpunga na, mbele zaidi, mashamba ya miwa. Sitaitaja shule, wala sitawataja wahusika kwa majina, kwa kuwa wengi wao bado wanaishi katika mtaa uleule na wanakutana bombani, sokoni na kanisani. Nilikuwa mwalimu wa Uraia na Maadili shuleni hapo, na sehemu ya kosa lililozaa kisa hiki ni yangu. Nitaieleza mahali pake. Nawaandikia walimu wenzangu na wajumbe wa kamati za shule, kwa sababu jambo lililotupata sisi linaweza kuipata shule yoyote yenye jiko, stoo na daftari.

Nianze na mazingira. Tangu mwaka 2016 elimu katika shule za serikali, kuanzia ya awali hadi kidato cha nne, hutolewa bila ada, na Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka huo, uliopanga wajibu wa kila upande, uliacha chakula cha mchana cha mwanafunzi wa kutwa mikononi mwa mzazi. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima katika shule za serikali, akataka pasiwepo mtoto anayerudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango. Shule nyingi zilibaki zinahitaji chakula, kwa maana mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri hawezi kujifunza kugawanya saa nane mchana akiwa na tumbo tupu, ilhali walimu waliogopa, na walikuwa na sababu, kuonekana wakidai kitu kwa mzazi. Kwetu kamati ya shule iliitisha kikao cha wazazi, wazazi wakakubaliana wenyewe kuchangia makande. Kwa kila muhula mzazi angeleta debe moja la mahindi, ambalo likishakobolewa hubaki kilo kama 15, kilo 5 za maharage, na shilingi 5,000 za kuni, chumvi, mafuta na ujira wa mpishi. Ukigawa nafaka hiyo kwa siku 100 za masomo, kila mtoto anapata gramu 150 za mahindi na gramu 50 za maharage kwa siku. Naomba msomaji azishike namba hizo mbili, kwa kuwa ndizo zilizokuja kumwokoa mtu.

Muhula ulipoanza, wazazi wa wanafunzi 362 walikuwa wamekwisha kuchangia. Wanafunzi 48 walikuwa bado. Wazazi wetu wengi ni vibarua wa mashambani, waendesha bodaboda, wauza ndizi wa soko la Mbuyuni na wauza mitumba wa Memorial na Kiboriloni. Kwao Januari ni mwezi mgumu, sare na madaftari vimekwisha kula kilichobaki cha sikukuu, na mavuno ya mahindi yako mbali. Kati ya hao 48, wengi waliishi jirani na shule, kengele ya mchana ikigongwa wakaenda kwao, wakala walichokikuta. Walibaki kumi na mmoja ambao makwao ni huko chini mashambani, mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu. Hao hawakuweza kwenda na kurudi. Siku mbili za kwanza walikaa chini ya mwembe ulio nyuma ya madarasa ya chini, wakisubiri wenzao wamalize kula. Watoto wakawaita "watoto wa mwembe", na jina likazoeleka hata kwetu walimu, jambo ambalo nikilikumbuka sasa linaniuma.

Hapa ndipo penye kosa langu. Kamati ilihitaji daftari la kuonyesha nani amechangia, ili siku ya kula mpishi ajue apike kwa idadi gani. Hakuna mwalimu aliyetaka daftari hilo lionekane mkononi mwake. Katika kikao cha walimu nilisimama nikapendekeza akabidhiwe kiranja wa chakula, msichana wa darasa la sita, mtulivu, mwenye mwandiko mzuri na sifa ya kutosema uongo. Nilisema itakuwa nafasi nzuri kwake kujifunza kuwajibika. Mtaala wa somo langu ulikuwa na mambo makuu sita ambayo mwanafunzi alitakiwa kuyamudu: kuheshimu jamii, kuithamini jamii, kuwajibika, kuwa mstahimilivu, kuwa mwadilifu na kudumisha amani. Nilichukua moja kati ya hayo sita, nikalitumia kumpa mtoto mzigo ambao watu wazima wenye ajira na muhuri walikuwa wameukwepa. Hakuna aliyenipinga, kwa sababu pendekezo lilimpunguzia kila mmoja wetu wasiwasi.

Utaratibu ulikuwa hivi. Asubuhi kiranja alihesabu waliohudhuria kati ya wenye alama ya vema katika daftari, akaenda jikoni kumtajia mpishi idadi kwa mdomo. Mwalimu wa stoo alifungua mlango. Mpishi alipima mwenyewe kwa kopo, kilo moja na nusu ya mahindi na nusu kilo ya maharage kwa kila watoto kumi, akaloweka, akainjika. Idadi ya siku iliandikwa kwa chaki kwenye ubao mdogo wa jikoni na kufutwa kesho yake. Hapakuwa na mahali pengine ilipoandikwa. Mchana kiranja alisimama kando ya foleni na daftari lake, watoto wakapita na mabakuli yao ya plastiki.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu, masika yakiwa yameanza na stoo ikiwa inanusa unyevu, mwenyekiti wa kamati aliomba hesabu. Mwalimu wa stoo alichukua wastani wa mahudhurio ya watoto ambao wazazi wao walilipa, akazidisha kwa siku 50 zilizokwisha kuliwa, akatoa kwenye jumla iliyopokelewa, kisha akapima kilichobaki. Mahindi yalipungua kilo 83. Maharage yalipungua kilo 27. Karibu gunia zima la mahindi na zaidi ya debe la maharage havikuonekana vilikokwenda.

Mpishi aliitwa siku hiyohiyo. Ni mama wa makamo, Mpare wa Same aliyekaa Moshi miaka ishirini, na alikuwa amepikia shule ile kwa miaka sita. Alijibu sentensi moja, nami nilikuwapo nikaisikia: "Mimi napika kwa idadi ninayopewa." Mwalimu mkuu alimwambia aende nyumbani apumzike hadi kamati ikae. Hakuitwa mwizi kwa neno hilo. Lakini alionekana akitoka getini saa nne asubuhi, kanga begani na kisu chake cha vitunguu kikiwa kimefungwa katika leso, na kabla ya jioni mtaa mzima ulikuwa umekwisha kujaza maneno ambayo sisi hatukuyasema. Wiki hiyo wanawake wenzake wa kikoba, kikundi chao cha kuweka na kukopa, walimwomba, kwa upole, ampishe mwingine kwenye kazi ya kushika ufunguo wa sanduku. Zamu ya jikoni wakachukua wazazi wa kujitolea. Makande ya siku mbili za kwanza yalikuwa na maharage yanayogonga meno.

Ningependa msomaji atulie kidogo kwenye ile sentensi ya mpishi. Alisema kweli siku ya kwanza, tena aliisema kwa namna iliyotuonyesha mahali pa kutazama: idadi. Kama mmoja wetu angefungua daftari la chakula mchana ule na kuhesabu alama, mambo yangekwisha kabla ya kengele ya kutoka. Kwa nini hatukufungua? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu ninalolipata halipendezi. Daftari lilikuwa la kiranja, na kiranja tulikuwa tumekwisha kumpa cheo cha uaminifu. Neno lake halikuhitaji kupimwa. Mpishi alikuwa kibarua wa shilingi chache anayeingia kwa mlango wa nyuma. Neno lake lilihitaji shahidi. Uaminifu tulikuwa tumeugawa kwa cheo. Watoto wetu, ambao siku ile walichungulia madirishani, walilipata somo hilo bila ubao wala chaki.

Aliyetufungua macho ni mjumbe wa kamati, mzee ambaye kwa miaka mingi alikuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huko juu mlimani. Walioishi Kilimanjaro wanajua ukarani huo ulikuwa kazi ya namna gani. Wakulima wa kahawa wa hapa walianza umoja wao mwaka 1925, na tangu 1933 vyama vyao vya msingi vikawa chini ya KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Karani wa chama aliishi na mizani, vitabu na macho ya mkulima aliyesimama mbele yake. Kahawa hupimwa mbele ya mwenye kahawa, na mwenyewe huondoka na stakabadhi. Mzee huyu alikuja kwenye kikao cha kamati wiki ya pili, akasikiliza maelezo yote, kisha akaomba karatasi.

Aligawa kilo 83 kwa gramu 150, akapata sahani 553. Akagawa kilo 27 kwa gramu 50, akapata sahani 540. Akaziweka namba hizo mbili pamoja, akatutazama. "Mwizi haibi kwa kipimo cha mapishi," alisema. "Angekuwa mwizi, angechukua maharage. Maharage bei yake ni maradufu ya mahindi na hayachukui nafasi kwenye kapu. Hapa kilichotoka kimetoka tatu kwa moja, kama kinavyoingia sufuriani. Hiki kimepikwa, kimeliwa." Akagawa tena kwa siku 50. Akapata sahani kumi na moja kwa siku. Akauliza: "Katika shule hii, ni kina nani walio kumi na mmoja?"

Nilijua jibu kabla hajamaliza kuuliza. Na papo hapo nikajua jambo jingine, kwamba tangu zile siku mbili za kwanza sikuwa nimemwona mtu chini ya mwembe wakati wa kula, na sikuwahi kujiuliza wamekwenda wapi. Wakati huo wa mchana walimu huwa ofisini. Mwembe unaonekana vizuri kutoka dirisha la ofisi.

Daftari lilikuwa counter-book la kawaida lenye jalada jeusi, pembe zikiwa zimejikunja kwa kushikwa. Majina yalipangwa kwa madarasa, na mbele ya kila jina la aliyelipa palikuwa na vema ya kalamu ya bluu. Mbele ya majina kumi na moja palikuwa na vema za penseli. Hazikufichwa, zilikuwa za ukubwa uleule, kwenye mstari uleule, nyepesi tu kwa rangi, na chini ya mbili kati yake karatasi ilikuwa imekwaruzika kama mahali palipowahi kufutwa na kuandikwa upya. Msichana alipoitwa hakulia wala hakukana. Alisema: "Za kalamu ni za waliolipa, mwalimu. Za penseli ni za watakaolipa." Alieleza kwamba alikuwa amewauliza wote kumi na mmoja mmojammoja kama nyumbani wana nia ya kuleta, wakasema wanasubiri mavuno, naye akaona si haki wasubiri mavuno wakiwa na njaa. Wazazi wakileta, angefuta penseli na kuweka kalamu. Tena alikuwa amewapangia kazi: kila mchana watatu kati yao, kwa zamu, walibaki kusugua masufuria kwa mchanga na majivu. Mpishi alidhani ni zamu ya usafi iliyopangwa na walimu, akawa anawashukuru na kuwapa ukoko.

Alipoulizwa kwa nini alinyamaza mama mpishi alipofukuzwa, alisema mambo mawili. La kwanza, aliona akisema, wale kumi na mmoja watarudi chini ya mwembe. La pili aliligeuza usoni mwetu bila kukusudia: "Nilijua hakuiba. Nikadhani na nyinyi mtajua."

Walimu tuligawanyika. Mwalimu wa nidhamu alitaka viboko, akisema kiranja aliyeandika uongo katika kumbukumbu za shule akiachwa, hakuna kumbukumbu itakayoaminika tena. Kanuni za adhabu hiyo zina masharti: iwe ni kwa kosa kubwa, chini ya mamlaka ya mwalimu mkuu, isizidi viboko vinne na iandikwe katika daftari lake. Mwalimu mkuu alisema hataandika jina la mtoto yule katika daftari lile kwa kosa ambalo chanzo chake ni kikao chetu wenyewe, na katika hilo nilimwona kuwa kiongozi. Wengine, na baadhi yao walikuwa na machozi, walitaka apongezwe mstarini kama mfano wa huruma. Hilo nililipinga, na bado nalipinga.

Nalipinga kwa sababu msichana yule alifanya mambo mawili tofauti, na huruma ya jambo la kwanza haifuti jambo la pili. Kuwapa wenzake chakula kwa alama ya penseli lilikuwa tendo la mtu anayeithamini jamii yake. Hata namna alivyolifanya, kwa kutofautisha penseli na kalamu, inaonyesha dhamiri iliyotaka kweli ibaki imeandikwa mahali fulani hata kama hakuna anayeisoma. Lakini siku tisa za masomo alimwona mama wa watu akibebeshwa mzigo usio wake, akanyamaza. Chakula cha watoto kumi na mmoja kikawa kinalipwa kwa jina la mtu mmoja ambaye hakuulizwa. Mtoto wa miaka kumi na miwili hakupaswa kuwekwa mahali pa kuchagua kati ya hayo, na lawama ya kumweka pale ni yetu. Hata hivyo alichagua, na kumwambia kwamba hakuchagua kungekuwa kumdharau. Kuhusu ile zamu ya masufuria nina neno pia. Ilikuwa na heshima ndani yake, kwa kuwa iliwapa wale kumi na mmoja namna ya kula wakiwa wametoa jasho. Lakini ingeendelea mwaka mzima, shule ingekuwa imezaa kundi la watoto wanaosugua na kundi la watoto wanaosuguliwa, na mwembe ungekuwa umehamia jikoni.

Katika mabishano yote hayo tulizungumza karibu saa mbili juu ya mtoto, na mpishi hakutajwa. Mzee karani ndiye aliyekumbusha: "Aliyeumizwa yuko nyumbani kwake. Sisi tunagombania aliyeandika." Ikaamuliwa waende wawili, yeye na mwalimu mkuu. Mzee alikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba chake, yaani shamba la nyumbani la ukoo. Kwa Wachagga isale ni jani la kuomba msamaha na kusuluhisha, anayeletewa halikatai. Mpishi ni Mpare, lakini aliyeishi Moshi miaka ishirini haulizi maana ya isale.

Walimkuta anachambua mchele uani. Walisalimiana, wakakaribishwa viti, mzee akalitoa jani kwa mikono miwili, akasema kamati imekosa na shule imekosa. Alilipokea, naye mzee akasema, "Aika mae," yaani asante mama kwa Kichagga. Kisha, kwa maelezo ya mwalimu mkuu aliyetusimulia kesho yake akiwa bado na uzito usoni, yule mama akasema: "Jani nimelipokea, baba, kwa kuwa halikataliwi. Lakini mlinitoa mbele ya watu, na mnanirudisha uani kwangu? Waliokuwa getini siku ile hawako hapa."

Hakuomba fidia ya siku alizokaa bila ujira, ingawa kamati ilimlipa baadaye, kama ilivyostahili. Alitaka neno la kumsafisha lisemwe mahali pale lile la kumchafua liliposikika, na kwa masikio yaleyale. Katika miaka yangu yote ya kufundisha habari za haki sikuwa nimewahi kuliweka wazi kiasi hicho. Shule huwa tuna wepesi wa kulaumu hadharani na kuomba radhi chemba. Mtoto anaadhibiwa mstarini, na ikija kujulikana kuwa hakukosa, anaitwa ofisini na kuambiwa "basi, yaishe". Mzazi anatajwa katika kikao kuwa mdaiwa, akilipa hatajwi. Tunaona hivyo tunalinda heshima ya mamlaka, kumbe heshima ya mtu mwingine ndiyo tunayoitumia kuilinda yetu.

Kikao cha wazazi kiliitishwa Jumamosi, chini ya mwembe uleule, kwa kuwa hatuna ukumbi. Mtendaji wa kata alihudhuria. Mwalimu mkuu alisimama akaeleza hesabu yote, kilo kwa kilo, akasema wazi kwamba mpishi hakuchukua hata punje na kwamba shule ilimwondoa bila kumsikiliza. Nami nilisimama, nikasema ni nani aliyependekeza daftari apewe mtoto. Msichana hakutajwa jina, ingawa wote walimjua.

Kisha likaja suala la chakula chenyewe, na hapo kikao kikawa kigumu. Kamati ilipendekeza kila mtoto aliyefika shuleni ale, na deni la asiyechangia libaki kati ya kamati na mzazi wake, lisipite kwenye foleni ya watoto. Mama mmoja muuza ndizi alisimama. "Mimi nimelala na njaa ili nilete debe lile," alisema. "Asiyeleta mtoto wake anakula sawa na wangu. Muhula ujao na mimi nisilete?" Walikuwapo waliomzomea, na walikosea. Swali lake ndilo swali la haki, na shule inayojibu kwa kusema tu "tupendane" inamtaka maskini mwenye bidii abebe maskini mwenzake bila hata kuulizwa. Mwenyekiti alimjibu kwa kutofautisha asiyeweza na asiyetaka, akasema wa kuwatenganisha hao wawili ni wajumbe wa mitaa wanaojua milango ya watu, na kwamba asiyeweza kwa mahindi ataletewa njia nyingine: wa huko mashambani wataleta mpunga wakivuna, mwingine mzigo wa kuni kila wiki mbili, mwingine siku za jembe katika shamba la elimu ya kujitegemea la shule, ambalo kwa muda mrefu lilikuwa limeachiwa majani. Mama yule hakuridhika kabisa. Alisema ataleta, lakini atakuja kuuliza.

Daftari likatolewa mikononi mwa wanafunzi. Likawekwa daftari jingine jikoni la kuandika kila asubuhi idadi ya watoto na kilo zilizotoka, likitiwa saini na watu wawili, mwalimu wa stoo na mpishi. Upimaji ukawa kwa mizani, mpishi akiwa amesimama mbele yake. Mzee karani ndiye aliyesisitiza saini ya mpishi iwe ya kwanza.

Jumatatu iliyofuata mwalimu mkuu alirudia mstarini, mbele ya watoto wote na baadhi ya wazazi waliobaki getini, maneno aliyoyasema Jumamosi. Mpishi alikuwa amesimama pembeni, aproni mpya mikononi. Msichana alikuwa ameomba, bila kuambiwa na mtu, azungumze naye. Hakupewa nafasi ya mstarini, nami nilikubaliana na uamuzi huo. Mtoto hapaswi kuungama mbele ya watu mia nne. Walikutana mlangoni mwa jiko. Nilikuwa hatua chache, nikiwa nimeshika ndoo. Alimwamkia, "Shikamoo mama," akaanza kusema akashindwa. Mpishi aliitikia "Marahaba", akamtazama kitambo, akasema: "Mwanangu, ungeniambia mimi. Ningeongeza maji." Kisha akaingia ndani kuwasha moto, maana saa ilikuwa imekwenda. Sijui kama alikuwa amemsamehe siku ile. Kwa wiki kadhaa alimsalimu kwa ufupi kuliko alivyowasalimu wenzake, na sikuona sababu ya kumharakisha.

Sitamwambia msomaji kwamba kila kitu kilinyooka. Muhula wa pili waliochangia kwa ukamilifu walipungua kutoka 362 hadi 349, na wajumbe wa mitaa waliwakuta miongoni mwa waliopungua watu watatu wenye uwezo, ambao mtendaji alizungumza nao. Mwezi wa kumi makande yalikuwa mepesi, na mama muuza ndizi alikuja kuuliza kama alivyoahidi. Alionyeshwa daftari la jikoni, akalipitia ukurasa kwa ukurasa akiwa amesimama, akaondoka bila kusema kitu, na mchango wake wa muhula aliuleta. Katika kikoba, ufunguo wa sanduku ulirudi kwa mpishi baada ya miezi miwili. Kumi na mmoja walikula siku zote, na zamu ya masufuria ikapangwa kwa madarasa yote, la tatu hadi la saba.

Counter-book jeusi lilibaki kwa mhasibu wa kamati, kwa kuwa madeni ya muhula ule yalikuwa humo. Msichana aliomba jambo moja tu, kwamba alama zake zisifutwe kwa pamoja. Kila mzazi atakapotimiza, kwa mahindi, mpunga, kuni au jembe, ya kwake ndiyo iandikwe kwa kalamu. Mhasibu alikubali. Shule ilipofungwa mwezi wa kumi na mbili nililifungua kuangalia. Saba zilikuwa zimeandikwa kwa wino wa bluu juu ya penseli. Nne zilikuwa bado ni za penseli.